Taarifa za mwanafunzi ziishie chumba gani?

Karatasi yenyewe ilikuwa ya kawaida: foliskepu iliyopigwa mistari kwa rula, majina thelathini na nane, safu tatu za alama. Pembeni mwa majina machache nilikuwa nimeandika kwa penseli maneno ya kujikumbusha. "Karo." "Miwani." Na mbele ya jina la msichana mmoja: "dawa, asubuhi". Usiku wa Jumatano, baada ya mtihani wa kati ya muhula, niliipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa langu la Gredi ya 7 hapa Lamu, ili kila mzazi aone alama za mwanawe. Ilikuwa saa tatu. Kabla ya saa tano picha ilishafika kwenye makundi mengine mawili, moja la mtaa na jingine la matayarisho ya harusi.

Asubuhi mama wa yule msichana alinisubiri karibu na lango la shule. Hakupaza sauti. "Mwalimu," alisema, "huyu mwana hataki kuya skuli."

Niliifuta picha. WhatsApp inaruhusu kumfutia kila mtu ujumbe uliotuma, lakini ndani ya kundi ulilotuma tu. Nakala ambazo watu wameshazipeleka kwingine si zako tena.

Nimeanza na karatasi hiyo kwa sababu hakuna mwizi aliyeingia popote na hakuna nywila iliyovunjwa. Kila kilichoandikwa pale nilikuwa na haki ya kukijua. Mwalimu anayemfundisha mtoto anayemeza dawa asubuhi ni lazima ajue, asije akamgombeza kwa kusinzia. Kosa lilikuwa kuitoa taarifa mahali pake na kuipeleka pasipo pake. Ukilielewa kosa hilo vizuri, umeelewa sehemu kubwa ya suala zima la faragha ya wanafunzi mtandaoni, ambalo mara nyingi huletwa kwetu likiwa limefungwa kwa maneno mazito ya sheria na ya kompyuta hata mwalimu akadhani halimhusu.

Watu wa Lamu hatuhitaji kufundishwa jambo hili kuanzia alifu. Nyumba zetu za mawe zimejengwa juu yake. Mgeni asiyejulikana huishia daka, kwenye viti vya mawe vya mlangoni. Anayeingia hupita tekani, kijia cha ndani ya mlango, ambacho kimepindishwa makusudi ili apitaye njiani asione kiwanda, yaani ua wa ndani, hata mlango ukiwa wazi. Kutoka kiwanda ni msana wa tini, ukumbi wa chini, kisha msana wa yuu, ukumbi wa juu, kisha ndani, na kila hatua inapunguza idadi ya wanaoruhusiwa kufika. Baadhi ya vichochoro vina wikio juu yake, chumba kinachounganisha nyumba mbili, ambacho wanawake walikitumia kutembeleana bila kushuka njiani. Hakuna anayesema nyumba ya namna hiyo ina maovu ya kuficha. Ina sitara. Kila mtu anajua anaishia wapi, na anayetaka kupita zaidi hupiga hodi na kungoja aambiwe karibu.

Taarifa za mwanafunzi ni hivyo hivyo. Jina lake la kwanza liko daka, kila mtu mtaani analijua. Alama zake ni za msana: yeye, mzazi wake, walimu wake. Ugonjwa wake, deni lake la karo, nani anamlea na kwa nini, hayo ni ya ndani. Kwa hiyo programu yoyote ya mtandaoni tunayoileta darasani inapaswa kujibu swali moja kabla ya mengine yote: unataka kuingia mpaka chumba gani, na kwa kazi gani?

Sheria ya Kenya inauliza swali lilo hilo. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu, mtoto akiwemo, haki ya taarifa za familia yake na mambo yake binafsi kutodaiwa wala kufichuliwa pasipo sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililotajwa wazi, kwa kiasi kinachohitajika na si zaidi, na zisiwekwe baada ya kazi yake kwisha. Kifungu cha 33 kinahusu watoto: taarifa zao haziguswi mpaka mzazi au mlezi aridhie, na hata akiridhia, ni lazima matumizi yenyewe yalinde haki na maslahi ya mtoto. Jambo moja huwashangaza walimu wenzangu wengi. Taarifa za familia, yakiwemo majina ya wazazi, sheria imeziweka katika kundi la taarifa nyeti, pamoja na afya, imani na asili ya kabila. Zile safu za fomu ambazo tumezoea kuzijaza bila kufikiri, "jina la baba", "jina la mama", ni za ndani kabisa.

Wala sheria hii haikulala kwenye makaratasi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya eneo la Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa shule ya kwetu, kiasi hicho ni madawati, vitabu na paa jipya kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye programu zenyewe, maana hapo ndipo mambo hufichikana. Jioni moja nilipakua kwenye simu yangu mchezo wa bure wa kujifunza kuzidisha, ambao mwalimu mwenzangu alitaka kuutumia darasani. Kabla sijaona hata hesabu moja, simu iliniuliza: je, unaruhusu programu hii ijue mahali ulipo? Nikakataa. Je, unaruhusu ifikie orodha yako ya namba za simu? Nikakataa. Maikrofoni? Mtoto anayetafuta saba mara nane hana sababu ya kumwambia mtu kama yuko mtaa wa Mkomani au wa Langoni, sembuse kumkabidhi namba za jamaa zake wote. Mchezo ukafunguka na ukafanya kazi vizuri tu. Yaani ruhusa zile hazikuwa za hesabu.

Zilikuwa za nini, basi? Programu hupata taarifa kwa njia tatu, na watu wengi wanaijua ya kwanza peke yake. Ya kwanza ni zile tunazoandika wenyewe: jina, darasa, shule, tarehe ya kuzaliwa. Ya pili ni zile ambazo simu inazitoa kimyakimya: aina ya simu, mtandao inaotumia, saa iliyofunguliwa, na namba maalumu iitwayo kitambulisho cha matangazo, ambayo husaidia kampuni za matangazo kuitambua simu ile ile kila inapoingia kwenye programu tofauti. Ya tatu ni zile zinazokisiwa kutokana na hizo mbili. Mtoto anayefungua mchezo saa sita usiku kila siku, anayekwama kwenye maswali ya kusoma lakini si ya hesabu, anayetumia simu ya bei ya chini, ameshasimuliwa mengi ambayo yeye mwenyewe hakumwambia mtu.

Aliyetengeneza mchezo huenda hata hana nia mbaya. Programu nyingi hujengwa kwa kuunganisha vipande vilivyoandikwa na kampuni nyingine: kipande cha kuhesabu watumiaji, kipande cha kuonyesha matangazo, kipande cha kuingia kwa akaunti ya mtandao wa kijamii. Kila kipande kinaweza kuwa na njia yake ya kupeleka taarifa kwa mwenyewe. Unamkaribisha fundi mmoja nyumbani, naye anaingia na wenzake watatu ambao hukuwaambia karibu. Mei 2022 shirika la Human Rights Watch lilitoa uchunguzi wa bidhaa zaidi ya 160 za masomo ya mtandaoni ambazo serikali za nchi 49 zilikuwa zimewapendekezea wanafunzi wakati wa korona. Takribani tisa kati ya kila kumi zilishughulikia taarifa za watoto kwa namna iliyohatarisha haki zao au kuzivunja, na nyingi zilizipeleka kwa kampuni za matangazo. Zilikuwa zimependekezwa na serikali, si zilizookotwa njiani.

Mafundisho mengi ya faragha yanayotufikia yameandikwa yakidhani kila mtoto ana kifaa chake. Hapa kwetu mtoto anasomea simu ya mamake. Simu hiyo hiyo ina ujumbe wa M-Pesa, picha za nyumbani za mama na dada zake wakiwa bila buibui, mazungumzo na daktari, na sauti za shangazi kutoka Malindi. Mwalimu anapotuma linki na kusema "pakueni programu hii kwa kazi ya nyumbani", hajamwomba mtoto mmoja taarifa zake. Ameiomba familia nzima ifungue mlango. Ikiwa programu hiyo inadai ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi au kuingia kwenye picha zote, anayelipa gharama ni mama, ambaye pengine hakuulizwa lolote. Ndiyo maana nasisitiza kwamba idhini ya mzazi isiwe saini ya kupita tu. Mzazi aambiwe kwa Kiswahili kinachoeleweka: programu ni hii, itajua haya, utaipakua kwenye simu yako, ukikataa mtoto wako atapewa kazi hiyo hiyo kwenye karatasi na hatapungukiwa na alama. Idhini ambayo ukiikataa mtoto anaadhibiwa si idhini. Na sheria inamruhusu aliyekubali leo abadili nia kesho.

Kuna jingine la kwetu. Ushauri wa kawaida ni kufuta majina kabla ya kusambaza taarifa, na katika mji mkubwa ushauri huo unasaidia. Kisiwani hautoshi. Andika "msichana wa Gredi ya 8, anatoka Kipungani, amekosa wiki mbili kwa sababu ya kifafa", usiandike jina, na kabla ya adhuhuri kila mtu anajua ni mwana wa nani. Watoto wa Gredi ya 8 kutoka Kipungani si wengi. Nilipokuwa nikiandaa wasilisho la mafunzo ya walimu niliona jambo hili kwa macho yangu: niliweka jedwali lisilo na majina, lina mtaa, umri na "mahitaji maalumu" tu, na mwalimu aliyekaa mbele akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu wa tatu ni mpwa wangu." Tangu siku hiyo sihesabu kwamba nimeficha jina mpaka nimejiuliza ni watu wangapi wanaoweza kulingana na maelezo hayo. Wakiwa chini ya kumi, naondoa mtaa. Wakiwa bado wachache, naondoa umri.

Na tusisahau saiba, yaani duka la kukodi kompyuta na intaneti. Intaneti ya shule ikizimika, walimu wengi hubeba alama kwenye flashi na kwenda kuziingiza kwenye mfumo wa mitihani saibani. Mzazi anayetafuta nafasi ya mtoto wake hupeleka huko cheti cha kuzaliwa kiskaniwe. Nimewahi kukaa kwenye kompyuta ya saiba kuchapisha barua yangu, nikafungua folda ya faili zilizopakuliwa, na humo mkawa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vimepangana kwa tarehe, kila kimoja kina jina kamili, siku ya kuzaliwa na majina ya wazazi. Mwenye saiba hakuwa na nia mbaya. Kazi ni nyingi na hakuna aliyewahi kumwomba afute. Kwa hiyo omba. Simama hapo mpaka faili ifutwe, na pipa la taka la kompyuta limwagwe. Kama uliingia kwenye akaunti ya shule, hakikisha umetoka, na kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, jibu ni hapana. Na flashi isirudi nyumbani ikiwa na alama za darasa zima ndani yake.

Programu za akili unde, ChatGPT na wenzake, zinastahili neno moja hapa. ChatGPT yenyewe inasema haikukusudiwa watoto walio chini ya miaka 13, na walio kati ya 13 na 18 wanahitaji ruhusa ya mzazi. Lakini kwa sasa wanaoitumia zaidi shuleni ni sisi walimu: tunabandika insha ya mtoto tupate maoni, au ripoti ya nidhamu tuisafishe lugha. Insha ya mtoto wa miaka kumi na miwili kuhusu "siku nisiyoisahau" inaweza kuwa na kifo cha babake ndani yake. Badala ya jina weka herufi, toa mahali, na kama ukiondoa hayo yote bado kisa kinamtambulisha mtoto, soma insha hiyo mwenyewe.

Shuleni kwetu tulipoanza kupanga mambo haya tuligundua kwamba tatizo kubwa ni kutojua tunatumia programu ngapi. Mwalimu mkuu aliomba kila mmoja aandike zake. Tulidhani zitakuwa nne au tano. Zilifika kumi na moja, na saba kati ya hizo mwalimu alikuwa ameziingiza peke yake, kwa barua pepe yake binafsi. Hapo sheria ina jambo la kutukumbusha. Anayeamua taarifa zikusanywe kwa nini na kwa njia gani huitwa mdhibiti wa data. Kampuni inayozishughulikia kwa niaba yake ni mchakataji. Mwalimu anapochagua programu ya bure kwa ajili ya darasa lake, ameifanya shule kuwa mdhibiti, iwe shule inajua au haijui. Lawama haiendi kwa kampuni ya ng'ambo peke yake. Na taasisi za elimu zimo kwenye orodha ya wanaolazimika kujisajili kwa Kamishna.

Tulizipunguza hadi tatu. Kwa hizo tatu, akaunti ni za shule, na mwanafunzi huingia kwa namba tuliyompa sisi. Daftari linaloonyesha namba ipi ni ya nani limo kabatini, halimo mtandaoni. Mahali panapotaka tarehe ya kuzaliwa bila sababu, tumeacha wazi au tumeachana na programu hiyo. Alama humwendea kila mzazi kwa ujumbe wake peke yake. Ni kazi ya saa nzima badala ya dakika moja, na wiki za mitihani naihisi saa hiyo kweli, lakini nimekubali kuitoa. Kwa picha za kazi za wanafunzi tunapiga mikono na kazi yenyewe: mkeka unaosukwa, jahazi la kadibodi, mche wa mkoko kwenye chupa. Uso haumo, na mtaala unachodai kuona ni kazi. Uwezo wa kamera wa kurekodi eneo tumeuzima, kwa kuwa picha inayotumwa kama faili inaweza kwenda na alama ya mahali ilipopigwa. Wazazi wenye simu za Android tuliwaonyesha, wakiwa wamekaa ukumbini, jinsi ya kuingia kwenye mipangilio ya faragha na kufuta kile kitambulisho cha matangazo. Haikuchukua hata dakika mbili.

Lililotushinda kwa muda mrefu ni kufuta. Mwalimu hapendi kutupa rekodi. Kisa kilichotubadilisha ni cha mbali. Mwishoni mwa 2024 mtu aliingia kwa nywila iliyoibwa kwenye mfumo wa PowerSchool, unaoshika rekodi za mamilioni ya wanafunzi Marekani na Kanada, akachota taarifa zao, zikiwemo za watu walioacha shule miaka mingi nyuma. Kampuni ilimlipa mwizi huyo pesa ili azifute. Mei 2025 shule zikaanza kupokea vitisho kwa taarifa zile zile. Waliohitimu zamani wasingeguswa kama rekodi zao hazikuwepo. Basi sasa, kila mwisho wa mwaka, kinachotakiwa kisheria kinahifadhiwa mahali pamoja na kilichobaki kinafutwa, kuanzia akaunti za wanafunzi waliohama.

Na kama imeshavuja? Shule isikae na siri hiyo ikitumaini itapoa. Penye hatari halisi ya mtoto kudhurika, sheria inataka Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72 tangu shule ilipojua, na familia ielezwe. Mzazi naye ana haki ya kuuliza shule ina taarifa zipi za mwanawe, kuzisahihisha, na kutaka zilizo za uongo zifutwe. Asiposikilizwa anaweza kulalamika kwa Kamishna, na lalamiko linatakiwa lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Halihitaji wakili. Halihitaji hata kalamu: sheria inasema linaweza kutolewa kwa mdomo, na ofisi ndiyo yenye wajibu wa kuliandika.

Nilimweleza hayo yule mama, haki yake ya kunishtaki mimi ikiwemo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama karatasi ile ya penseli bado ninayo. Nilikuwa nayo mfukoni. Alinyoosha mkono, nikampa.